Yoga ukiwa na kiungulia: asubuhi kabla ya kula au jioni baada ya kazi?

Mi kiungulia ninacho miaka na yoga siachi, nyakati zote mbili nimezijaribu. Asubuhi saa 12, tumbo tupu, umekunywa maji kidogo tu, hapo hata ukiinama mpaka mikono iguse mkeka asidi haipandi kirahisi. Shida ni mwili unakuwa mkavu, mgongo umekaza, inabidi upashe kama dakika 10 ndo uanze kujikunja.

Jioni sasa, mwili umeshalainika na stresi za kazi zinatoka, raha kabisa, ila chakula ndo kinaharibu. Ile vali kati ya mrija wa chakula na tumbo kwetu sisi inalegea hovyo, sasa umekula chipsi mayai saa 11 alafu saa 12 umeinua makalio juu kichwa chini, asidi inakuja moja kwa moja kooni, mi ilishanipata, mdomo ukajaa maji machungu na koo likawaka mpaka usiku wa manane. Kama jioni ndo nafasi yako basi subiri masaa 2 mpaka 3 baada ya kula, fanya pozi za kusimama na kukaa, zile za kujipinda sana na kupumua kwa kukandamiza tumbo achana nazo. Ile ya kulala mwishoni usilale chali flati, inua kifua kwa mito au lalia ubavu wa kushoto.

Kura yangu asubuhi. Ila jamani, chakula kikianza kukwama ukimeza au kifua kikibana, acha mkeka uende hospitali.