Umeme wa nyumbani bila gridi: anza na betri, paneli baadaye

Wengi wanaotaka sola huuliza kwanza bei ya paneli. Mimi huwaambia waulize betri, na sababu yangu ni Owino Uhuru. Karibu na mtaa huo wa Mombasa palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na sumu ya risasi, metali iliyo ndani ya betri hizo, ikaingia kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi wapewe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Paneli yenyewe ni kioo, alumini na silikoni, na hudumu miaka 25 hivi. Madhara yako kwenye betri. Hizi hapa njia nne, nikianza na ninayoipendelea zaidi.

1. Sola na betri ya lithiamu. Tafuta maandishi LiFePO4. Aina hii haina kobalti wala nikeli, na si rahisi kushika moto. Bei yake hushtua, kwa hiyo piga hesabu hapohapo dukani. Betri ya risasi ya volti 12, Ah (saa-ampea) 100, kwa maandishi ina saa-wati 1,200, lakini ukizoea kuitumia kupita nusu unaiua mapema. Unabaki na 600. Lithiamu ya ukubwa huohuo inakupa karibu 1,000, na iliyo nzuri hufika miaka kumi, wakati ya risasi mara nyingi hubadilishwa baada ya miaka miwili hadi minne. Hakikisha chaji kontrola yako, kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye betri, ina mpangilio wa lithiamu, na dai dhamana ya maandishi.

2. Baiogesi. Hii ni gesi ya samadi, ya jikoni. Kama unapika kwa mkaa, una ng'ombe wawili au zaidi wanaolishwa zizini na maji yako karibu, ningeiweka ya kwanza: inaokoa miti, na tope linalotoka ni mbolea ya shamba. Maji yakiwa ya kuchota mbali, achana nayo, maana samadi huchanganywa na maji kila siku. Fundi apake povu la sabuni kwenye viungio vyote vya bomba kabla hujamlipa. Methani, yaani gesi yenyewe, ikivuja hupasha hewa joto kuliko kabonidioksaidi kwa mbali sana.

3. Sola na betri ya risasi. Kama mfuko haufiki kwenye lithiamu, chukua betri kavu, yaani ya risasi iliyozibwa, isiyoongezwa maji. Ya gari usiiguse. Imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kuwasha taa usiku kucha. Nunua kwa muuzaji anayekubali kuipokea tena ikifa. Usimpe anayeipasua uani na kumwaga asidi.

4. Kinu kidogo cha upepo. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana inafanya kazi vizuri kwa sababu upepo wa kule haukatiki hovyo. Nyumbani, miti na mapaa huuvunja, na beringi zikichakaa utahitaji fundi wa kupanda mnara. Pesa hiyo ongezea paneli nyingine.