Pini ya Holloway na vito vya rangi tatu
Anayetafuta vito vya kale vya wanawake wa Uingereza waliopigania haki ya kupiga kura hukutana na aina mbili ambazo wauzaji huziita kwa jina moja, vito vya "suffragette" (jina la wanawake hao), ingawa hazilingani hata kidogo. Ya kwanza ni pini ya kifuani ya Holloway, yenye jina la lililokuwa gereza la wanawake London, iliyobuniwa na msanii na mwanaharakati Sylvia Pankhurst na kutunukiwa, kuanzia mwaka 1909, wanachama wa WSPU, chama cha wanawake hao, waliofungwa gerezani: lango dogo la fedha lenye minyororo ubavuni, nembo ya Bunge lenyewe, na juu yake mshale wa sare za wafungwa uliotiwa enameli ya zambarau, nyeupe na kijani. Ilipatikana kwa kifungo, na ndiyo maana kuishika mkononi kunagusa moyo.

Ya pili ni mikufu na pete za amethisto ya zambarau, lulu nyeupe na peridoti ya kijani. Ni nzuri, lakini mchanganyiko huo ulipendwa hata kabla ya chama kuchagua rangi zake mwaka 1908. Pasipo barua au picha inayokihusisha kito na mwanachama, mimi ningekilipia bei ya kito cha kawaida cha enzi hiyo.