Great Ocean Road: basi la watalii au gari la kukodi?

Kama uko Melbourne na unajiuliza ulipie basi la watalii la siku moja au ukodi gari uende mwenyewe Great Ocean Road, ile barabara ya pwani ya kusini mwa Australia, ushauri wangu ni huu: kodi gari, na ulale njiani. Nimejaribu vyote viwili. Basi lilikuwa safi, dereva makini, na tuliiona miamba ya baharini iitwayo Twelve Apostles kabla umati haujafika. Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya barabara yenyewe, na hiyo sikuiona.

Sababu ni kwamba lile basi lilipita njia ya bara kwanza ili liwahi Apostles. Kipande cha Apollo Bay hadi Eastern View tukakipita jioni wakati wa kurudi, abiria wengi wamesinzia. Mwongozaji alituhadithia vizuri sana habari za koala, wale wanyama wa mitini, wa kijiji cha Kennett River, ila waliochonga njia tuliyokuwa juu yake aliwataja kwa sentensi moja tu. Hilo liliniuma, maana kipande hicho ndicho kiini cha historia nzima. Apostles wako mbele zaidi, magharibi ya Apollo Bay, ilikoishia kazi ya wale wanajeshi.

Ndiyo, wanajeshi. Barabara hii ni ukumbusho wa vita. Wanajeshi wapatao 3,000 waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia waliijenga kati ya 1919 na 1932 kwa heshima ya wenzao waliouawa. Walikata majabali kwa sururu, koleo na baruti, wakabeba kifusi kwa mikokoteni ya farasi. Ujira ulikuwa shilingi 10 na peni 6 kwa siku ya saa nane. Walilala kwenye mahema, ingawa kambini kulikuwa na piano, gramafoni na magazeti. Mwaka 1924 meli iitwayo Casino ilikwama kwenye mwamba karibu na Cape Patton, ikabidi itupe baharini mapipa 500 ya bia na makasha 120 ya pombe kali ili ipunguze uzito. Inasimuliwa kuwa kazi ilisimama wiki mbili, na mimi siwalaumu hata kidogo. Sisi tuliokulia Dar es Salaam tunaijua sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita hivyohivyo. Ile unaitazama ukipita, hii unapita juu yake.

Aliyelisukuma jambo hili ni Howard Hitchcock, meya wa Geelong. Wakati ule Lorne ulikuwa mji mdogo wa pwani unaofikika kwa shida, kwa njia mbovu za msituni au kwa bahari. Hitchcock aliona mbali: wanajeshi wapate kazi, na wenye magari wapate mahali pa kutembea, halafu walipie. Fedha zilichangishwa kwanza, kisha zikaanza kurudi kwa tozo. Kipande cha Eastern View hadi Lorne kilizinduliwa Machi 1922, na kabla mwaka haujaisha geti la tozo likawa linafanya kazi: shilingi 2 kwa motokaa, shilingi 10 kwa gari la kukokotwa na farasi zaidi ya wawili. Kwa bei hizo unajua kabisa walikuwa wanamtaka mgeni wa aina gani. Na mgeni huyo alihitaji moyo, kwa kuwa barabara ilitosha gari moja tu, na kwenye magenge sehemu za kupishana zilikuwa chache. Mkikutana pua kwa pua, mmoja arudi nyuma, bahari iko chini yake.

Njia ilifika Apollo Bay na kufunguliwa rasmi Novemba 1932. Hitchcock alikuwa amefariki Agosti ya mwaka huohuo. Siku ya ufunguzi gari lake liliendeshwa kwenye msafara, nyuma ya lile la gavana. Nilipolisoma hilo nilinyamaza kidogo. Oktoba 1936 barabara ilikabidhiwa serikali, tozo zikafutwa, na mpaka leo hulipi kitu.

Nilipokwenda kwa gari la kukodi nilianzia Torquay, mji inakoanzia barabara upande wa mashariki, na huo ndio mwelekeo ninaoupendekeza kwa nguvu zote. Australia wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo ukielekea magharibi bahari iko upande wako na unaegesha popote palipotengwa bila kukata barabara. Eastern View, palipokuwa na geti la tozo, kuna tao la mbao na sanamu ya wajenzi. Tao lililotangulia liliteketea katika moto mkubwa wa nyika wa 1983. Simama pia Mount Defiance, penye kumbukumbu ya Hitchcock, na ukwee hadi Teddy's Lookout, mahali pa kutazamia juu ya Lorne, uone barabara ilivyokumbatia mlima. Kituo cha wageni cha Lorne kina maonyesho kuhusu ujenzi, na kwa maoni yangu yana thamani kuliko maduka yote ya mji ule.

Kasoro zipo. Kona haziishi, anayesumbuliwa na kichefuchefu ajiandae. Mtandao wa simu hukatika. Malazi Desemba na Januari ni ghali mno kwa kuwa shule zimefungwa. Ukiona foleni nyuma yako, ingia pembeni uwapishe, wenyeji wana haraka zao.

Basi linamfaa asiyeendesha au mwenye siku moja tu. Kabla ya kulipa, muulize wakala mambo mawili: wanaanzia Torquay au bara, na Eastern View wanasimama au wanapunguza mwendo tu mpige picha dirishani.