Kujifunza kuchonga Mikindani: nilicholipia na nilichopata

Nilikwenda Mikindani, karibu na Mtwara mjini, kujifunza kuchonga kwa fundi wa vinyago. Nianze na bei, maana ndiyo mnayoniuliza. Elfu kumi na tano kwa siku ukiwa mwanachuo mwenye kitambulisho. Mgeni kutoka nje hulipa zaidi ya mara mbili, na haambiwi kwamba kuna bei nyingine. Chakula hakimo. Kwa hela hiyo unapewa gogo, kigoda, tezo ya kuazima (kishoka cha kuchongea), patasi ambazo utazigombania na kijana wa kazi, na unakuwa na fundi mwenyewe kutwa nzima, ambaye ndiye hasa unayemlipia. Nampa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeizuia kwa sababu ya vumbi na choo, nitafika huko.

Banda halina jina wala kibao. Panda daladala ya Mikindani pale Mtwara mjini, mwambie konda akushushe kwa wachonga vinyago kabla gari halijateremka ghubani. Utasikia tezo kabla hujaona kitu. Ni paa la makuti, nguzo nne, redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na magogo yaliyofunikwa magunia ya korosho yaliyoloweshwa maji ili jua lisiyapasue. Ukijikuta umefika kwenye Boma la Wajerumani, lile la mwaka 1895, ujue umepitiliza.

Siku ya kwanza hushiki mpingo, na usipoteze muda kumbembeleza fundi. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake ukikitupa majini kinazama, na patasi ya mtu asiyejua huteleza juu yake ikafuata vidole. Utaanza na mwembe, ambao ni laini na unavumilia ujinga. Unakaa chini, gogo unalibana kwa nyayo, tezo unaipiga ikija upande wako. Ndiyo, upande wako. Somo la kwanza ni pa kuweka magoti.

Hakuna mchoro. Nilifika na daftari langu la michoro, akalipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaliangalia ukurasa kwa ukurasa, akaliweka juu ya redio na halikuteremka tena hadi jioni. Kisha akaligeuzageuza gogo, akanionyesha kifundo, akanionyesha ufa mwembamba upande wa pili, akasema kazi inaanzia hapo penye ufa: tuutoe, tubaki na kilicho kizima. Kwenye mpingo ni hivyo hivyo, ila kwa ukali zaidi. Nje kuna ganda jeupe, ndani ndiko kwenye moyo mweusi, na mti wenyewe ni nadra kunyooka. Watu wanaotazama vinyago vya Kimakonde husifia mikunjo na mipindo wakidhani yote ni mawazo ya mchongaji. Nusu ya mawazo hayo ni ya mti.

Fundi anafundisha kwa kunyang'anya. Ukikosea haongei, anachukua patasi, anarekebisha, anakurudishia, macho yake yako barabarani. Ukitaka maneno itabidi umshike mkono kabisa useme, "Fundi, hebu rudia, sijaona." Atarudia, taratibu, bila kununa. Kwa mtu anayependa kuelezwa kabla ya kutenda hiki ni kikwazo, na nadhani aonywe mapema. Mimi kilinifaa, maana chuoni tunaelezwa sana.

Na hapo ndipo penye sababu iliyonipeleka. Nipo mwaka wa pili wa ualimu, somo langu ni sanaa. Kila mmoja wetu hutakiwa kuwasilisha kazi ya mikono pamoja na ukurasa wa maelezo: kazi inahusu nini, ina ujumbe gani kwa jamii, msanii ameongozwa na nini. Ukweli ni kwamba wengi tunachora kwanza, ujumbe unatafutwa usiku wa kuamkia kuwasilisha. Mama mwenye mtungi kichwani anakuwa nafasi ya mwanamke katika maendeleo. Machweo ya Shangani yanakuwa matumaini. Ndege akiwa mmoja ni uhuru, wakiwa wawili ni mshikamano. Yanapita hayo, na alama yanapata. Nilitaka nione mtu anayekula kwa kuchonga anaandika nini kwenye ukurasa wake.

Haandiki kitu. Kwenye rafu kulikuwa na nguzo ya watu waliopandana, wazee chini, watoto juu, kila mmoja ameshika kiuno au mguu wa mwenzake, ile ambayo wauzaji huiita Ujamaa na wachongaji wenyewe huiita dimoongo. Mtindo huo unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyetoka upande wa Msumbiji akachongea Dar es Salaam. Nikaona hapa pana mengi ya kusema. Nikauliza, "Fundi, hii ina maana gani?" Akaitazama kwa muda, kwa makini, nikashika kalamu. "Hiyo elfu themanini," akasema. "Kwako sabini."

Nilicheka, lakini jibu la swali langu nililipata mchana ule ule, na si kwake. Alikuja mama mmoja wa pale pale Mikindani kuchukua mbuzi ya kukunia nazi aliyokuwa ameiagiza. Hakusalimia kwa kirefu. Aliiweka chini, akafunga kanga vizuri, akaikalia, akainama mbele kama anayekuna kweli, akajitikisa kushoto na kulia. Akainuka. "Fundi, hii inayumba. Halafu chuma umekielekeza juu mno, nazi itanirukia usoni." Fundi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemjibu mtu zaidi ya maneno manne, alianza kujitetea kwa kirefu: kwamba sakafu haiko sawa, kwamba mbuzi mpya lazima izoeleke, kwamba mama fulani alichukua kama hiyo na anamwombea dua hadi leo. Mama alisimama tu, mkono kiunoni. Mwishowe fundi akachukua tezo, akapunguza mguu mmoja, akakalia mwenyewe, akapunguza tena. Sijamwona akitazama kitu kwa umakini ule. Zile nguzo za elfu themanini zilikuwa hapo nyuma yake zimejaa vumbi, na hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa kwa kosa.

Tangu siku ile nina wazo ambalo nimejaribu kulivunja na bado limesimama: kazi ya mikono inapata maana pale penye mtu mwenye haki ya kuikataa. Kununua au kusifia ni jambo jingine. Nasema kuikataa, kwa sababu anajua inapaswa kuwaje na ataishi nayo. Mtalii hawezi kuikataa dimoongo kwa kuwa haijui. Anaweza tu kutoipenda, na hilo halimnyimi fundi usingizi.

Fikiria midimu, vile vinyago vya kuvaa kichwa kizima vinavyotoka wakati wa jando na unyago. Vinachongwa kwa mti mwepesi, vinabandikwa nywele za watu, chale za uso zinawekwa kwa nta. Uwanja mzima unajua kinyago kinatakiwa kitembeeje, na kikizubaa watu watasema. (Nani yumo ndani, mimi mwanamke sipaswi kujua, kwa hiyo naishia hapo.) Sasa kuna kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kikaja kuwa Geneva kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, hadi kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Nafurahi kimerudi, tena ilichukua miaka mingi mno. Lakini najiuliza kule nyuma ya kioo, miaka yote hiyo, nani alikuwa na uwezo wa kusema "hiki kimekosewa"? Na hapa nyumbani, nyuma ya kioo kingine, nani anao?

Hata mpingo wa misitu ya vijiji vya Kilwa, unaosafirishwa kwenda kutengenezewa klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza, naona unaingia hapo. Sehemu kubwa ya gogo hutupwa, maana kifundo kimoja au ufa mdogo unatosha kuharibu sauti, na mpiga klarineti hatakubali kupewa maelezo badala ya sauti. Sijawahi kusikia klarineti ikipigwa ana kwa ana, lakini huyo mpigaji na mama wa mbuzi naona ni ndugu.

Wazo langu lina tundu, na mwenzangu wa bwenini alilipata haraka. Samaki Likankoa, aliyeanzisha mtindo wa shetani mwishoni mwa miaka ya 1950, nani alikuwa amemwagiza? Hakukuwa na mwanakijiji aliyekuwa akisubiri shetani wa jicho moja na mguu uliopinda. Aliyempokea ni mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, na baada ya hapo soko. Sina jibu kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba Likankoa naye alipata mtu mmoja wa kumtazama machoni na kusema hii ndiyo, ile siyo. Na kwamba shetani wa leo wanaojazana rafuni, wote wa sura moja, wanachongwa kwa ajili ya mtu ambaye hajafika bado na huenda asifike. Hilo linaonekana kwenye vidole vyao. Vimechongwa haraka.

Basi nikabadilisha kazi yangu. Badala ya sanamu ya mama na mtoto niliyokuwa nimeichora, nikachonga kinu kidogo na mchi wake kwa ajili ya bibi yangu aliye Masasi, ambaye meno yamemwisha na korosho anazipenda kuliko sisi wajukuu. Fundi alikubali bila mshangao, ila aliuliza maswali ambayo kwenye sanamu hakuwahi kuniuliza: bibi anakaa kwenye mkeka au kwenye kiti? Mkono upi unamuuma? Anatwanga kidogo kidogo au anatwanga za siku nzima? Nilimpigia bibi simu nikiwa pale pale bandani, na wakaishia kuzungumza wao wawili.

Kwenye ukurasa wa maelezo niliandika kwa ufupi ni cha nani, kina ukubwa gani na kwa nini mdomo wake ni mwembamba. Mkufunzi alikisifu kwa ung'aavu wake, akaniuliza ujumbe uko wapi, na alama nimepata za kati. Sasa kimewekwa kwenye kabati la vioo la maonyesho, kina namba, na hakitoki mpaka muhula uishe. Bibi anapiga simu kuuliza kama kazi za chuo huwa zinaliwa na mchwa.

Turudi kwenye huduma. Vumbi: wanapiga msasa pale pale unapokaa, na vumbi la mpingo linawasha ngozi na kubana kifua. Nenda na barakoa yako na miwani, usitegemee kupewa. Plasta za vidole pia. Choo ni cha jirani, naye jirani ana tabia ya kuondoka na ufunguo. Kwa wanawake hili si dogo, na nimemwambia fundi waziwazi kwamba wasichana wa chuo hawatakuja mpaka alitatue. Jambo jingine kwa wanawake: hakuna aliyeninyima tezo wala kunikebehi. Wapita njia walisimama kunitazama, ndiyo, na mzee mmoja aliniuliza kama nimeona udongo wa kufinyangia vyungu umekwisha. Nilimjibu kwamba bado upo.

Mchana anapita mama wa ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha. Nunua akija, harudi.

Ukitaka kununua kinyago na si kujifunza, kigeuze kwanza ukwaruze kitako kwa funguo. Baadhi ni mti mweupe uliopigwa kiwi nyeusi ya viatu. Fundi hafichi ukimuuliza, ila usipouliza hasemi. Kipime mkononi, mpingo unajijulisha kwa uzito. Nyufa ndogo zilizozibwa kwa unga wa mpingo na gundi si tatizo, mradi hazipiti shingoni au kwenye mkono mwembamba. Kama shida yako ni kuchagua kati ya vingi, soko la vinyago la Mwenge kule Dar es Salaam lina vingi kuliko hapa. Hapa kuna vichache na mwenye kuvichonga yupo.

Ila mimi ningekushauri uagize kitu cha kutumia: mbuzi, kinu, kigoda. Mbuzi ilikuwa elfu ishirini na tano nilipouliza. Ukiagiza wakati wa minada ya korosho jiandae kusubiri, kwa sababu watu wana hela na kila nyumba inataka samani, naye hupokea malipo ya awali kwa wote bila kukataa mtu. Agiza baada ya msimu. Na ukienda kuchukua, nenda na atakayeitumia, aijaribu hapo hapo kabla hujamaliza kulipa. Ijumaa usiende, akishaenda msikitini anarudi akipenda, na mara nyingi hapendi.