Formula One Grand Prix ya Geoff Crammond: tathmini ya mchezo uliotanguliza fizikia

Mchezo wa Formula One Grand Prix ulitolewa na kampuni ya MicroProse mwishoni mwa mwaka 1991 kwa kompyuta za Amiga na Atari ST, ukafuatiwa na toleo la kompyuta za DOS mwaka 1992, na hadi leo ndio mchezo wa langalanga ninaoupendekeza kwanza kwa yeyote anayetaka kuelewa tabia ya gari la mbio. Sisukumwi na mapenzi ya vitu vya kale. Picha zake zimepitwa na wakati, sauti ya injini yake ni nyembamba, na wapinzani wake wana kasoro nitakazozitaja bila kuzifunika. Ninausifu kwa sababu mwandishi wake, Geoff Crammond wa Uingereza, alishika msimamo mmoja tangu mwanzo wa kazi yake na hakuulegeza: mwendo wa gari ukokotolewe kwanza, picha zifuate.

Msimamo huo una chimbuko lake. Crammond alisomea fizikia na alifanya kazi ya uhandisi wa mifumo kabla ya kugeukia michezo ya kompyuta. Mwaka 1983 kampuni ya Acornsoft ilichapisha Aviator, mchezo wake wa kurusha ndege ya kivita aina ya Spitfire kwenye kompyuta ya BBC Micro, na tayari humo ilionekana wazi kwamba mtu huyu alijali zaidi nguvu zinazoiinua ndege kuliko maadui wa kupigwa risasi. Mwaka uliofuata alitoa REVS, mchezo wa magari ya Formula 3, daraja lililo chini ya Formula One, katika uwanja wa Silverstone nchini Uingereza, ambao matayarisho yake yalimshirikisha dereva David Hunt, mdogo wake James Hunt aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1976.

Kuelewa ukubwa wa hatua ile, ni lazima kukumbuka michezo ya mbio ya wakati huo ilivyokuwa imeundwa. Pole Position ya Namco, iliyotoka mwaka 1982 na kuwavuta watu wengi kwenye kumbi za michezo, ilichora barabara kwa mistari iliyosogezwa kushoto na kulia ili jicho lidhani kuna kona. Gari lenyewe halikugeuka kuelekea popote. Lilisukumwa pembeni na kona, na mchezaji akalirudisha. Ulikuwa ujanja mzuri na mchezo wa kufurahisha, lakini mtu hangeweza kugeuza gari lile na kurudi alikotoka. Katika REVS uwanja ulikuwepo kama mahali halisi, wenye upana, miinuko na miteremko, na gari lilikuwa na mahali pake na mwelekeo wake juu ya uwanja huo. Ukikosea kona ulizunguka, ukatazama upande usiofaa huku magari yakikujia, na injini iliweza kuzimika ikakubidi uiwashe tena. Mabawa ya mbele na ya nyuma, yaani vibao vinavyotumia upepo kulikandamiza gari barabarani, yaliweza kurekebishwa, na marekebisho hayo yalibadilisha kweli jinsi gari lilivyoshika barabara.

Haya yote yaliingia katika mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, ambazo sehemu yake kubwa huliwa na picha ya skrini. Crammond alitatua tatizo hilo kwa njia ambayo bado inanishangaza kila ninapoifikiria: aliweka sehemu ya programu ndani ya kumbukumbu ya skrini yenyewe, katika eneo la anga, kisha akapanga rangi ili kila kilichomo humo kionekane kuwa buluu moja tu. Mchezaji anayetazama anga ya Silverstone anatazama maagizo ya programu bila kuyaona.

Kati ya REVS na mchezo ninaoutathmini kulikuwa na kazi mbili ambazo hazikosi uhusiano nao. The Sentinel ya mwaka 1986 haikuwa ya magari kabisa. Ilikuwa fumbo la kimyakimya lenye mandhari 10,000 zilizotengenezwa kwa hesabu badala ya kuhifadhiwa moja moja. Stunt Car Racer ya mwaka 1989 ilirudi kwenye magari, safari hii juu ya barabara nane zilizoinuliwa angani na kukatwa mapengo, na humo Crammond alishughulikia springi za gari kwa uangalifu uleule aliokuwa ameupa mshiko wa matairi. Ukitua vibaya baada ya kuruka, gari linabonyea, linarushwa tena, na ufa wa uharibifu unaongezeka juu ya skrini. Ni mchezo mdogo wenye wazo moja lililotekelezwa kikamilifu, na ninaamini bila mazoezi yale Formula One Grand Prix isingekuwa jinsi ilivyo.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe. Una viwanja vyote 16 vya msimu wa 1991, kuanzia Phoenix hadi Adelaide, na magari 26 yanayopanga mstari wa kuanzia. Mchezaji anaweza kufanya mazoezi, kushindania nafasi ya kuanzia, na kukimbia mbio kamili au sehemu yake tu. Kabla ya kuingia barabarani anaweza kubadilisha pembe ya mabawa, uwiano wa gia sita, mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma, na aina ya matairi. Orodha kama hii inaweza kuandikwa nyuma ya boksi la mchezo wowote. Swali ni kama mabadiliko hayo yanamfikia dereva mikononi. Hapa yanamfikia. Punguza mabawa huko Monza, uwanja wa Italia wenye njia ndefu zilizonyooka, na utaona gari likizidi kuchukua kasi mwishoni mwa njia iliyonyooka, kisha ufike kwenye kona za Lesmo na ugundue kwamba kasi ile uliikopa, na deni linadaiwa hapo hapo. Rudisha mabawa, na kona zitakuwa salama huku wapinzani wakikupita kwenye njia ndefu. Uwiano wa gia nao una somo lake: gia ya sita ikiwa fupi mno, injini hufika kikomo kabla njia haijaisha; ikiwa ndefu mno, gari huchelewa kuamka kutoka kwenye kona. Hakuna mpangilio mmoja unaoshinda kila mahali, na ndiyo maana dakika za mazoezi kabla ya mbio zina maana.

Kinachonivutia zaidi ni breki. Michezo mingi ya zama zile ilizichukulia kama kitufe cha kupunguza namba kwenye kipimo cha kasi. Hapa kufunga breki huku usukani umekatwa kunalifanya gari litereze kwa namna inayoeleweka, na dereva hujifunza taratibu kumaliza kazi ya breki wakati gari limenyooka, kisha kuligeuza, kisha kuongeza mafuta kwa kiasi ambacho matairi ya nyuma yanakimudu. Hakuna maelezo ya maandishi yanayomfundisha hivyo. Anajifunza kwa sababu gari linajibu kwa haki: kosa lilelile huleta matokeo yaleyale, na lap (mzunguko mmoja wa uwanja) iliyo nzuri huwa nzuri kwa sababu ambayo dereva mwenyewe anaweza kuieleza. Mtu akipita kona ya Eau Rouge kwenye uwanja wa Spa huko Ubelgiji bila kupoteza mwelekeo, anajua alifanya nini.

Lakini gari la kweli humshinda mwanafunzi, na hapa ndipo Crammond alipotoa mchango ambao nadhani haujapewa heshima yake ya kutosha. Mwandishi mwingine angelilainisha gari ili kila mtu aliendeshe. Yeye aliliacha gari lilivyo, akamwekea dereva misaada sita inayowashwa na kuzimwa moja moja kwa vitufe vya juu vya kibodi: breki za kujiendesha, gia za kujibadilisha, gari kujinyoosha baada ya kuzunguka, kutoharibika, mstari unaoonyesha njia bora ya kupita, na kidokezo cha gia inayofaa kwa kona inayokuja. Kuna ngazi tano za ugumu, na kila unavyopanda baadhi ya misaada huondolewa. Mwanafunzi anaanza akiwa amebakiwa na kazi ya usukani na mafuta tu, kisha anachukua jukumu moja baada ya jingine, na wakati wote huo anaendesha gari lilelile ambalo dereva stadi analiendesha. Wasanifu wengi wa michezo ya magari wameendelea kutumia misaada ya aina hii, ila wachache wameipanga kwa usafi huu.

Msaada mwingine uliofichika zaidi ni ule wa usukani kwa wanaotumia kibodi. Kitufe kimebonyezwa au hakikubonyezwa, hakina hali ya katikati, ilhali usukani wa gari la mbio unahitaji kukatwa kwa vipimo vidogo vidogo. Programu hulitazama pinda la barabara lililo mbele na kulihesabu, hivyo kitufe cha kushoto kwenye kona pana kinakata usukani kidogo na kwenye kona kali kinakata zaidi. Tatizo hili Crammond alikuwa amelishughulikia tangu matoleo ya baadaye ya REVS, na suluhisho lake ni la heshima kwa mchezaji asiyekuwa na vifaa ghali. Wenye jostiki nzuri wanaweza kuuzima.

Namna ya kucheza watu kadhaa kwenye kompyuta moja pia imefikiriwa vizuri. Wachezaji hupokezana, na anayesubiri zamu yake gari lake huendeshwa na kompyuta mpaka atakaporudi kwenye kiti. Si sawa na kukimbia bega kwa bega, lakini huwapa marafiki msimu mzima wa kushindana.

Kasoro zipo. Wapinzani wanashikilia mstari wao kwa ukaidi, na ukijiingiza kando yao kwenye kona mara nyingi hufanya kana kwamba hawajakuona, jambo linalomlazimisha mchezaji kubeba wajibu wote wa kuepuka mgongano. Uharibifu ni wa kiwango cha chini: bawa hukatika au mbio huisha, na kati ya hayo mawili hakuna mengi. Majina ya madereva yaliyomo ni ya kubuni, ingawa rangi za magari zinatambulika mara moja na mchezaji anaweza kuandika upya majina. Kwenye mashine dhaifu picha hukatikakatika, hasa magari yanapokusanyika kwenye kona ya kwanza. Papyrus, kampuni ya Marekani iliyotoa Indianapolis 500: The Simulation mwaka 1989, ilikuwa tayari imeonyesha mpangilio wa gari wenye kina kikubwa na ajali za kusisimua zaidi. Nautaja mchezo huo kwa heshima kamili, kwa kuwa David Kaemmer aliyeuandika ni mtu pekee wa kizazi kile ninayemweka sawa na Crammond. Hata hivyo ulikuwa na uwanja mmoja, na kona zake nne haziwezi kumpa dereva utofauti unaopatikana kati ya barabara finyu za Monaco na njia ndefu za Hockenheim.

Matoleo yaliyofuata yaliendeleza kazi bila kubadilisha msingi. Grand Prix 2 ya mwaka 1996 ilikuja na msimu wa 1994 pamoja na majina halisi, picha bora zaidi, na magari yanayoweza kuruka juu ya kingo za kona. Ilikuwa na ugonjwa wake: mashine ikishindwa kukokotoa fremu (picha moja moja zinazounda mwendo kwenye skrini) ilizoombwa, muda wenyewe ndani ya mchezo ulipungua kasi, na mbio zikaendeshwa polepole kuliko uhalisia. Baadaye zilikuja Grand Prix 3 mwaka 2000 na Grand Prix 4 mwaka 2002. Zote ni nzuri, na Grand Prix 2 ina watetezi wengi wanaoiweka juu ya zote. Naelewa sababu zao, kwa kuwa hisia ya gari humo ni tajiri zaidi. Ila kwa anayeanza, mchezo wa kwanza una uwazi ambao wa pili umeupoteza kidogo chini ya uzito wa picha.

Kwa atakayeutafuta leo, toleo la DOS likiendeshwa ndani ya programu ya kuigiza mashine za zamani ndilo linalofaa zaidi, maana kompyuta ya kisasa huondoa kabisa tatizo la fremu kukatika. Toleo la Amiga linatosha kwa anayetaka kuona mchezo ulivyotokea mara ya kwanza, mradi awe na subira. Anza Silverstone katika ngazi ya chini ukiwa na misaada yote, zima breki za kujiendesha kabla ya kugusa msaada mwingine wowote, na usibadilishe mabawa mpaka uweze kumaliza lap kadhaa mfululizo zenye muda unaokaribiana. Baada ya hapo nenda Monza na upunguze bawa la nyuma.