Bandeji ya kuvutika kwa kifundo kilichoteguka: nunua ile pana

Nafundisha netiboli mabinti wa mtaani huku Uyole, Mbeya, na mkobani mwangu bandeji ya kuvutika haikosekani. Kwenye netiboli ukishadaka mpira huruhusiwi kukimbia nao, lazima usimame. Uzito wote unaangukia kifundo kimoja, tena kwenye uwanja wenye kokoto na mashimo. Mara nyingi zinazoumia ni kano za upande wa nje.

Nanunua duka la dawa Mwanjelwa, ya upana wa sentimita 10. Ile nyembamba inajikunja na kukata ngozi. Soksi ya kubana nayo nimeitumia. Inafaa binti anaporudi uwanjani, ila siku ya kwanza kifundo kimeumuka kama andazi, kuivaa ni mateso na huwezi kuilegeza. Bandeji unaanzia karibu na vidole, unapita chini ya unyayo, unapishanisha mbele ya kifundo, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Vidole viache wazi. Vikipoa, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, fungua ufunge upya. Usiku iondoe.

Kasoro yake ni vile vibanio vya chuma: vinapotea, vinachoma. Mimi nabandika plasta. Pia ikifuliwa mara nyingi inalegea, basi nunua nyingine.

Ila bandeji haitasaidia kama nyumbani bibi ameshabandika maji ya moto. Kwa baridi ya huku kila mtu anawaza kukanda na kuchua. Jamani, siku mbili tatu za mwanzo tuache! Joto na kuchua kwa nguvu huzidisha uvimbe. Weka barafu ndani ya kitambaa, dakika 10 hadi 20, mguu ukiwa juu ya mto. Uvimbe ukianza kupungua, aukanyagie taratibu. Kuulaza wiki nzima kunaukakamaza. Akishindwa kupiga hatua nne, au ule mfupa unaotokeza pembeni mwa kifundo ukimuuma ukibonyezwa kwa nyuma, mpelekeni hospitali akapigwe eksirei.

Aliyeteguka mara moja ni rahisi kuteguka tena. Kwa hiyo wangu wote, hata waliopona zamani, wanapiga mswaki wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja, kisha wanabadilisha. Zoezi hilo naliamini kuliko bandeji yenyewe.