TAHADHARI kwa wanafunzi wa masters na PhD huku Kisumu: haya majarida ya siku tano yatakufungia kazi yako

Wadau, hasa nyinyi mnaofukuzana na graduation ya mwisho wa mwaka, tafadhali someni hii kabla hamjatuma senti kwa mtu.

Kuna jamaa ameingia kwa magrupu yetu ya WhatsApp ya Kisumu na Kakamega anajiita mratibu wa jarida la kimataifa, anasema makala yako itapitiwa na wataalamu wawili na itoke ndani ya siku tano, ada ni shilingi 18,000, lipa kwa M-Pesa. Nambari yenyewe ni ya mtu binafsi. Hiyo pekee ingetosha nikimbie, lakini nilikuwa na presha, nilihitaji makala moja iliyochapishwa ndio niruhusiwe kugraduate na nilikuwa nimebakisha wiki sita.

Siku ya nne nikaambiwa imekubaliwa bila marekebisho. Siku ya tano ikawa kwa tovuti yao, nikaifungua nikiwa saiba pale Kondele, na ukurasa wa saba katikati ya aya nikakuta maneno ya msimamizi wangu yamechapishwa vile vile: "hii tarakimu umeitoa wapi? rekebisha". Kwa haraka yangu nilikuwa nimetuma drafti ya zamani, na hakuna mtu hata mmoja aliyeisoma. Idara ikaikataa siku hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni penye uchungu. Pesa nitatafuta zingine. Lakini nilipoomba waiondoe wakadai dola 200, na maadamu bado iko pale siwezi kuipeleka kwingine, kwa sababu jarida la maana halichukui kazi iliyokwisha kuchapishwa, wakiipitisha kwa programu zao za kukagua tu itajitokeza. Kwa hivyo ile miezi kumi na minne nilikuwa naenda Dunga pale ziwani alfajiri kuuliza kina mama wa samaki vile gugu maji linawapunguzia mapato, na wale walioacha biashara zao wakakaa na mimi wakanijibu, yote imefungwa kwa tovuti ya wakora. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Na hii biashara ni ya dunia nzima. Mwaka 2013 John Bohannon, mwandishi wa jarida la Science, alituma makala ya uongo yenye makosa ya wazi kwa majarida 304, na 157 yakaikubali. Kampuni ya OMICS ya Hyderabad, India, inayochapisha majarida, ilishtakiwa Marekani na mwaka 2019 korti ikaiamuru ilipe zaidi ya dola milioni 50, na malalamiko yalikuwa kwamba ada inafichwa mpaka makala ikubaliwe, na kama haya yetu, ukitaka kuitoa unazuiliwa.

Mimi nilidanganywa na ISSN, ile namba ya kutambulisha jarida. Jamani ISSN ni kama namba pleti ya matatu, inakuambia gari ni gani, haikuambii breki zinashika. Impakti fakta halisi nayo, ile alama ya vile makala za jarida zinanukuliwa na wengine, hutolewa na kampuni ya Clarivate, hawa walijiandikia yao. Halafu yule profesa waliyemweka kama mhariri mkuu nilimwandikia, akanijibu hawajui kabisa.

Lakini msikimbie kila jarida linaloitisha ada, hata PLOS, wachapishaji wa majarida wanaoheshimika, hulipisha, na tovuti mbovu pia si ushahidi, kuna majarida yetu ya Afrika hayana pesa ya kujipamba lakini wahariri wake wanasoma kila mstari. Ingia DOAJ (orodha ya majarida ya kusomwa bure) au AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika) wewe mwenyewe utafute jina, usifuate linki uliyotumiwa, maana wengine wanaiga jina la jarida halali wakafungua tovuti feki. Wakikuambia wako Scopus, ile hifadhidata ya majarida ya kitaaluma, angalia kama bado wako, kuna majarida yalishatolewa huko na bado yanajitangaza. Soma makala mbili tatu walizochapisha. Dakika kumi hivi, na mimi sikuzitoa.

Kama ushatuma na hujalipa, andika leo barua pepe ya kuondoa makala yako, usisaini ile fomu ya hakimiliki, na uweke nakala za kila kitu. Kama ulilipa kwa huyo jamaa niandikie inbox uniambie tarehe na kiasi, tuko watu wanne tayari na Jumatatu tunaenda pamoja kuripoti polisi.